Zacharie, Mtu wa Chini

Kabla ya kunywa chochote, baba yangu mdogo Zacharie Kahongya alipuliza kwanza juu ya kikombe. Alipuliza chai ya moto na maji ya baridi, alipuliza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, alipuliza hata dawa ya kikohozi ikiwa kwenye kijiko. Wageni walidhani anapoza. Alikuwa anafukuza unga wa mbao ambao haukuwapo tena, kwa sababu ujana wake wote alikuwa mtu wa chini.

Kupasua mbao kwa msumeno mrefu wa mikono ni kazi ya watu wawili. Gogo hulazwa juu ya jukwaa la miti. Mmoja husimama juu yake, anavuta msumeno kwenda juu na kuufuata mstari. Mwingine husimama chini, anavuta kwenda chini, na kila kinachotafunwa na meno ya msumeno kinamwangukia usoni. Wa juu anaona mstari. Wa chini anaona vumbi, na nyuma ya vumbi, nyayo za mwenzake.

Nyayo hizo zilikuwa za baba yangu, Esdras. Walizaliwa Masereka, kule juu milimani ambako kila ndugu akigawiwa shamba hubaki na kipande cha kuweka godoro. Wakashuka wangali vijana hadi Eringeti, kwenye msitu, wakaanza kupasua libuyu na miti mingine kwa ajili ya wajenzi wa Beni na Butembo. Mama yangu, Berthe Kanyere, alibaki na sisi watoto Butembo kwa ajili ya masomo. Zacharie alioa mwanamke wa kule kule, Vagheni, mwenye maneno mengi na mkono mwepesi wa kutoa.

Hawakuzungumza wakiwa kazini. Baba aligonga gogo kwa kisigino, wa chini akajua asimame. Zacharie aliniambia kwamba alijua kaka yake ameamkaje kwa kushika tu mpini. Akiwa na hasira, msumeno ulipanda kwa kukatakata. Akiwa na furaha, ulipanda kama mtu anayevuta pumzi.

Vita viliporudi mwaka 1998, askari waliokuwa wakikimbia walipita Eringeti na kukamata wanaume wa kubeba mizigo. Baba alikuwa juu ya gogo, anaonekana toka barabarani. Zacharie alikuwa chini, kwenye kivuli, mwili mzima umefunikwa na unga. Askari walimchukua yule waliyemwona.

"Weye wa kule juu, shuka."

Zacharie alibaki ameshika mpini. Alidhani kaka yake amesimama kidogo ateme mate. Aliposikia viatu vingi alijibana kwenye nguzo ya jukwaa, na alipotoka, barabara ilikuwa tupu na shati la Esdras lilikuwa bado limetundikwa kwenye tawi.

Baba hakurudi. Hatukufanya kilio, kwani hatukuwa na maiti, wala hatukuacha kungoja, kwani hakuna aliyetuambia tuache. Zacharie alileta lile shati Butembo, akampa mama mkononi, akakaa siku nzima kwenye ua.

Baada ya hapo alijaribu kupasua na watu wengine. Mmoja alikuwa na nguvu kuliko baba. Mbao zikatoka zimepinda, upande mmoja nene, upande mwingine nyembamba.

"Ule mutu anavuta msumeno sawa anavuta mbuzi ya deni," alimwambia Vagheni.

"Basi tafuta mwingine."

"Nitatafuta wapi? Nimezoea miguu ya mutu moja."

Kwa hiyo mwaka 2000 aliamua kununua tronsonezi, mashine ya kukata miti inayoshikwa na mtu mmoja peke yake. Aliuza kipande chake cha Masereka kwa binamu. Wazee wa ukoo walinung'unika kwamba anabadilisha udongo na kitu cha makelele. Alihitaji kazi ambayo haimdai mwenzake, na hakuwa na njia nyingine ya kulisha nyumba mbili, yake na ya kaka yake. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye mbao za mashine hiyo.

Mashine ililetwa kutoka Kampala na Ramazani, msafirishaji wa Beni ambaye lori lake lilipita Kasindi, mpakani, kila wiki. Nilikuwa likizo, nikamsindikiza baba mdogo kwenda kuichukua. Ramazani aliitoa kwenye boksi katikati ya ua wake, mbele ya wake zake, madereva na majirani, akaifuta kwa mkono wa kanzu.

"Kahongya, huyu njo bibi yako wa pili. Anakunywa, lakini hapana kula."

"Anakunywa nini?"

"Petroli na oili, munachanganya pamoja. Mwenye duka alinieleza mara mbili, maana aliona mi ni Mukongomani."

"Petroli? Petroli ya taa?"

"Mais kuko petroli ingine gani?"

Kwetu petroli ni mafuta ya taa, na kile kinachoingia katika pikipiki ni esanse. Ukivuka Kasindi tu, petroli ndiyo hiyo hiyo esanse. Mpaka unapita katikati ya neno pia, na hakuna mtu wa forodha anayekuonya. Mke mdogo wa Ramazani alileta chupa ya taa yake. Wakachanganya na oili, wakajaza tangi, Zacharie akavuta kamba.

Haikuwaka. Akavuta Ramazani, kanzu imefungwa kiunoni. Wakavuta madereva kwa zamu, kila mmoja akimcheka aliyetangulia kabla naye hajaanza kuhema. Mkono wa Zacharie ulikuwa umevimba pale alipoingia dereva mmoja wa Kasese, chapati mdomoni, akainama, akanusa tangi.

"Nyinyi mnataka kukata miti na hii, au mnataka kupika?"

Ua mzima ulicheka hadi majirani wakaja kuuliza. Ramazani alicheka akishika tumbo, na Zacharie naye akacheka, kichwa kimeinama. Walimwaga yale mafuta, wakaosha tangi kwa esanse, wakakausha buji, ile plagi ya kuwashia, wakachanganya upya. Akavuta tena, mashine ikalia.

Kicheko kilikatika hapo hapo. Wanawake wa nyumba ya pili walijitupa chini, wakiwafunika watoto kwa miili yao. Mtu mmoja aliruka ukuta. Miaka ile hakuna aliyengoja ajue sauti kubwa ni ya nini. Zacharie aliizima haraka, akaiweka chini, akaenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi: ni mashine ya mbao tu, mama, ni mashine ya mbao.

Habari ilifika Eringeti kabla yake. Kutoka siku ile aliitwa Petroli.

"Petroli, leo unakata ao unapika?"

"Leo ninapika. Leta maharagi."

Alilibeba jina hilo bila ubaya. Mtu aliyelieneza zaidi alikuwa Paulin, mchoma makaa wa jirani, ambaye alijua kuigiza Ramazani na kanzu yake, na kila mara aliongeza kitu.

Lakini kosa lile halikurudi. Tangu Beni, Zacharie alinusa kila chupa ya esanse kabla ya kuilipa. Wauzaji wa kando ya barabara walikuwa na tabia ya kuongeza mafuta ya taa ndani ya esanse ili iwe nyingi, na aliijua kwa pua hata ikiwa imechanganywa kidogo. Oili ya kuchanganya aliitembeza mfukoni katika kichupa cha dawa, ili asije akaisahau nyumbani na kushawishika kuwasha mashine bila hiyo. Alijua kwamba motere ikinywa esanse tupu inajikwaruza ndani mpaka inashikamana, na ikishikamana imekufa. Mnyororo aliupa oili nyeusi iliyotolewa kwenye lori la Ramazani. Jioni aliulegeza, kwa sababu chuma chenye moto kikipoa kinajikaza na kuvuta ubao wa chuma unaozungukwa nao. Kisha alikaa mlangoni na tupa, akanoa jino moja moja, akasafisha kichujio cha hewa kwa brashi, akaifunga mashine yote katika kikwembe, kitenge kizuri cha Vagheni.

"Minaolewa na huyu mutu miaka mingapi," Vagheni aliniambia, "hajanifunika hata siku moja. Sasa kikwembe yangu ya misa inalala na mashine."

"Nitakupatia ingine."

"Ingine utamupatia tena yeye. Kesho utamununulia na viatu."

Alifanya kazi peke yake. Kwa mara ya kwanza maishani alisimama upande wa juu, akiona mstari. Vagheni aliniambia kwamba siku za mwanzo alikuwa anazima mashine katikati ya gogo, anainamisha kichwa, anasikiliza. Halafu anawasha tena. Mbao zake zilinyooka. Watu wa Beni walizitaka. Mama yangu alipata paa la mabati, mimi nikamaliza chuo. Hakuna aliyesema kwamba anafurahi, lakini tulikuwa tunaishi.

Mwisho wa mwaka 2002 watu walianza kushuka kutoka kaskazini, wakiwakimbia wenye bunduki, wamebeba magodoro na masufuria, wakisimulia mambo ambayo walisimulia huku wakitazama pembeni. Eringeti nayo ilihama. Wengi hawakufuata barabara kuu. Walivuka mto mmoja mdogo upande wa machweo, wakaingia kwenye vijumba vya mashamba ya kakao kule ng'ambo, na vijana wao wakavingirisha magogo ya daraja, yakaenda na maji. Mtu kwa miguu angeweza kupita kwenye mawe. Gari lisingeweza. Vagheni alivuka na wenzake. Zacharie alimwambia atangulie, yeye atamfuata akiisha kuficha mashine.

Wale wenye bunduki walimkamata akiwa nayo begani, ndani ya kikwembe.

Yaliyotokea pale mtoni alinieleza mwenyewe miezi mingi baadaye, Butembo, tumekaa kwenye benchi ya hospitali tukingoja daktari wa kifua. Alinieleza kwa sauti ya chini, akitazama watu wanaopita, akiniita mama, kama wazee wa kwetu wanavyowaita mabinti zao.

Wenye bunduki walikuwa na pikapu moja yenye silaha nzito nyuma, na hawakutaka kwenda mahali bila hiyo pikapu. Komanda wao alifungua kikwembe, akaiona mashine, akafurahi.

"Malamu. Weye utakata miti mbili, ya nene. Utapanga hapa. Mutuka yangu ipite."

Nyuma yao walikuwa wanaume wa Eringeti waliokamatwa kubeba mizigo. Mmoja wao alikuwa Paulin.

"Muti wa kwanza niliukata," baba mdogo alisema. "Niliukata muzuri. Ulianguka pale walitaka. Nilikuwa naogopa, mama, na nilipoogopa mikono ilifanya tu kazi yake."

Alipoanza wa pili, tangi ilikuwa karibu kukauka. Askari mmoja alitumwa kwenye maduka yaliyovunjwa, akarudi na bido, dumu la plastiki la manjano.

"Petroli hii, muzee."

Zacharie alifungua kifuniko. Hakuhitaji kuinama. Yalikuwa mafuta ya taa, safi, hata hayakuwa yamechanganywa na kitu.

Alitazama ng'ambo. Moshi wa majiko ulikuwa unatoka kwenye kakao. Mmoja wa mioshi ile huenda ulikuwa wa Vagheni. Aliinua bido, akamwuliza komanda kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Ni petroli?"

"Eh, petroli. Tia. Uko nangoja nini?"

"Minauliza tu. Ni petroli?"

"Tia!"

"Kichupa ya oili ilikuwa mufukoni," aliniambia. "Niliisikia kwenye paja. Sikuitoa."

Alijaza tangi. Motere ilikuwa bado na moto, ikapokea. Moshi mweupe ulitoka, mwingi, ukamfunika uso. Aliisukuma ndani ya mti kwa nguvu zake zote na hakuipumzisha hata kidogo. Alisema sauti ya mashine ilipanda, ikawa nyembamba, na aliendelea kuibana ingawa kila kitu ndani yake kilimwambia aachie. Kisha ikashikamana. Kamba haikuvutika tena. Mashine ilibaki imekwama kwenye jeraha la mti, na harufu ya chuma kilichoungua.

Komanda alimwendea.

"Umeua mashine."

"Mulisema petroli, komanda. Nilitia petroli."

Bunduki ilikuwa tayari imeinuliwa, na hapo Paulin, akiwa na mzigo kichwani, hakuweza kujizuia. Alicheka. Komanda akamgeukia.

"Weye, unacheka nini?"

"Komanda, huyu mutu jina yake ni Petroli. Hata siku alileta mashine alitia mafuta ya taa. Uliza mutu yeyote. Hapana jua kitu. Wanamucheka mpaka Beni."

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuigiza, akaiigiza kidogo kamba inavyovutwa, mzigo ule ule kichwani. Askari wawili watatu walicheka. Komanda naye akatabasamu, akashusha bunduki, akaigeuza, akampiga Zacharie kwa kitako kwenye kifundo cha mkono wa kulia mpaka mfupa ukavunjika. Wakamwacha amelala chini ya mti.

Gogo moja si daraja. Mvua ilinyesha, mto ukajaa, na wale watu wakageuza pikapu, wakafuata njia nyingine. Wa ng'ambo walipata muda wa kupita kwenye kakao hadi Oicha, kisha Beni, kisha Butembo. Vagheni alikuwa kati yao.

Nilimwambia pale kwenye benchi kwamba aliokoa watu wengi. Hakukubali neno hilo. Akasema:

"Kwenye ile njia ingine kulikuwa pia batu."

Wote tulikuwa tumesikia habari za njia ile.

Mkono wake uliunga vibaya. Alipofika Butembo, yeye na Vagheni walikaa katika chumba cha nyuma kwa mama yangu, chini ya mabati yaliyotokana na mbao zake. Alitafuta kazi kwa wenye mashine, maana mkono uliobaki na nusu ya mwingine vilitosha kunoa mnyororo na kutunza motere. Alizunguka kwa wauza mbao wote. Mmoja alimpa chai.

"Petroli, mi ninakupenda," alimwambia, "mais mashine yangu utaiachia kwa mbali. Utaiangalia kwa macho."

Kwani Paulin naye alikuwa Butembo. Alitoroka mizigo karibu na Beni, akafika mzima, na habari ya mtoni ikawa habari yake. Aliisimulia baada ya misa, mbele ya kanisa, na kwenye viti vya kasiksi. Alikuwa na sauti ya komanda, sauti ya askari mwenye bido, na sauti ya Zacharie akiuliza kama mtoto: ni petroli? Watu walifuta machozi kwa kucheka. Miaka ile hatukuwa na vitu vingi vya kuchekea.

Zacharie alicheka nao, kichwa kimeinama, kama kwenye ua wa Ramazani. Vagheni peke yake hakucheka. Hakuwa ameambiwa kitu, lakini alikuwa ameishi na ile pua ya mumewe, na aliondoka kila wakati Paulin alipoanza.

Mwanzoni kunyamaza kulikuwa lazima. Wenye bunduki walikuwa wangali njiani, wakibadilisha majina na kofia, na yule komanda alionekana sokoni Beni akinunua redio. Mtu aliyeharibu daraja lake kwa ujinga aliweza kuishi. Aliyeliharibu kwa kujua, hapana. Lakini katikati ya mwaka 2003 serikali mpya ilitangazwa Kinshasa, barabara zikafunguka, na bado Zacharie alikuwa Petroli, mpasua mbao asiyejua esanse. Kifua chake kilikuwa kinakwisha. Daktari alisema ni vumbi la zamani. Nilitaka jina lake lisafishwe angali anasikia, na nilimwambia hivyo mara nyingi. Alinijibu mambo ya maharagi na mvua.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa mchana, siku ya ubatizo wa mtoto wa jirani mmoja wa zamani wa Eringeti. Ua wa mama ulijaa watu wao. Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na mikeka, wazee, wanawake wenye watoto mgongoni, wasichana wakigawa sahani za wali. Zacharie aliletewa kiti karibu na ukuta, amefunikwa blanketi, pumzi zake zinasikika. Mtu akaomba habari ya mashine. Paulin akasimama, akajifunga kitambaa kiunoni.

Alifika pale pa bido. Alipouliza "ni petroli?" kwa sauti ya kitoto, ua wote ulilipuka. Mwanamke mmoja aliinamia begani pa mwenzake. Mtoto mdogo asiyeelewa kitu alicheka kwa kuwa mama yake anacheka.

Niliinuka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, na baba mdogo alijua ninachotaka kusema, kwa sababu alinishika nguo kwa ule mkono uliopinda na kunivuta chini kwake.

"Acha bacheke, mama. Angalia hawa bote banacheka. Balikuwa ng'ambo ya muto."